Njo na Ndiyo

Watu walionifundisha kuandika Kiswahili sijawaona hata siku moja. Mmoja alisema yuko Mwanza, mwingine Dar es Salaam, mwingine hakusema aliko, alitukana tu. Lilikuwa jukwaa la mtandaoni la kujadili siasa, sheria na mambo ya teknolojia. Niliingia humo kwa sababu hapa Kalemie, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, katika shule ninayofundisha, saa ya mapumziko hakuna mtu wa kubishana naye. Walimu wenzangu wanazungumza mpira, na mkuu wa shule anazungumza peke yake. Mimi nimezaliwa na ubishi. Mama anasema nilitoka tumboni nikiuliza kwa nini.

Mada yangu ya kwanza ilikuwa kukatwa kwa intaneti wakati wa uchaguzi. Niliandika kwamba Leta ikikata mtandao inamufunga muntu mudomo bila kumufikisha mbele ya juji, na kwamba avoka yeyote anajua hilo ni kosa. Nilikuwa nimezipanga hoja zangu vizuri tangu asubuhi, huku watoto wakinakili somo ubaoni. Jibu la kwanza lilikuwa: "Muntu ndio nini?" La pili: "Mkongo atuimbie, sheria atuachie wenyewe." La tatu liliuliza tangu lini maparachichi yanatetea watu mahakamani. Hoja zenyewe hakuna aliyezigusa.

Mtu mwenye akili angeondoka. Mimi nikichekwa nang'ang'ania, ndivyo nilivyo, na ubaya wangu ni huo. Nikaanza kujifunza lugha yao kama anavyojifunza mgeni aliyealikwa harusini asiyejua nyimbo. Muntu nikamfanya mtu. Biro ikawa ofisi, minerval ikawa ada, juji akawa hakimu, avoka akawa wakili, Leta ikawa serikali. Hata sombe nikaiita kisamvu, na siku hiyo nilijisikia nimemsaliti bibi yangu. Haikunichukua muda mrefu, kwa sababu sisi wa kando ya ziwa maneno ya Kigoma tumeyasikia tangu utoto, yanashuka botini pamoja na sabuni na mafuta ya kula.

Na nyumbani kwetu hasa. Mababu wa mama walivuka kutoka Ujiji zamani za misafara, wakaoa hapa, wakajenga msikiti hapa, wakazikwa hapa. Kwao hakuna njo. Jirani akisema "njo ile", mama anasema "ndiyo ile". Jirani akisema "njo mie", mama anasema "ndiye mimi". Mimi sokoni nasema njo kama kila mtu, maana ukimwambia muuza ndagala, dagaa wetu, "ndiyo", anakupandishia bei akidhani umeshuka botini asubuhi hiyo. Nikirudi nyumbani naivua njo mlangoni pamoja na viatu. Hakuna aliyewahi kunifundisha kufanya hivyo.

Basi kule jukwaani nikaanza kuheshimiwa. Tulibishana kama sauti iliyorekodiwa kwa simu inafaa kuwa ushahidi, kama mwenye jukwaa afungwe kwa matusi ya wageni wake, kama akili mnemba inaweza kumhukumu mtu. Kuna bwana mmoja, sijui ni nani, alikuwa akiniita "mwalimu" na kuniachia neno la mwisho. Siku moja mwingine akaniuliza niko Kigoma sehemu gani. Nikamjibu niko Kalemie, ng'ambo. Akasema niache utani, Mkongo haandiki hivyo. Nilifurahi, nisifiche. Nilimsomea hata mume wangu, naye akauliza kama chakula kiko tayari.

Kisha ziwa likapanda. Halikuja kwa kishindo. Lilipanda polepole, likala ufuo, likala barabara ya chini, likaingia viwanjani, na watu wakawa wanasema litarudi, limezoea kwenda na kurudi. Nyumba ya mama iko karibu na pale mto Lukuga unapotoka ziwani. Watu husema maji yamewafika shingoni wakiwa na shida. Ya mama yalimfika magotini akiwa jikoni anasonga bukari, na hiyo ilitosha. Tukamhamishia kwangu, yeye na sanduku lake na kuku waliobaki.

Kwangu ni kwa mume wangu, na hapo ndipo shida ya kweli ilipoanza. Kwetu mama mkwe hakai mbele ya mkwe wake. Hali mbele yake, hamwangalii usoni, hapiti mbele yake kwenda msalani. Mume wangu ni mtu mpole, hana neno, lakini adabu ni adabu, na nyumba yetu ni vyumba viwili na ua mdogo. Mama akawa anakula chumbani na mlango umefungwa. Akawa anangoja mume wangu aondoke na pikipiki yake ndipo atoke uani kuota jua. Akirudi mapema, tunasikia pikipiki njiani, na mama anabeba sahani yake na kuingia ndani, mwanamke aliyekuwa na uwanja wake mwenyewe, mti wake wa mpera na kiti chake mlangoni. Aliniambia mara moja tu, hakurudia: "Mwanangu, usiniache nife kwa mkwe." Alitaka palsele, kipande cha ardhi juu kilimani, hata kidogo cha kuweka chumba kimoja. Hakutaka kingine.

Wakati huo mimi nilikuwa pia kwenye grupe ya simu ya watu wa jimbo letu la Tanganyika, wa hapa na wa nje. Humo kulikuwa na wa Nyunzu, wa Manono, wa Ankoro, na wengine walio Ulaya wanaotuambia jinsi ya kuishi. Hatukujuana kwa sura. Tulikuwa tukibishana juu ya mashine za kupigia kura, na wengi walisema ni za wizi. Mimi nikasema karani anayehesabu kura kwa mkono ana mjomba, ana kijiji, ana kabila. Mashine haina kabila. Loo, walivyoipenda. Msimamizi wa grupe, papa mmoja, yaani baba wa makamo, mstaafu wa reli, aliiandika juu kabisa pale penye jina la grupe: Mashine haina kabila. Ilikaa hapo kwa muda mrefu, na kila nikiifungua simu naiona.

Ndipo habari ikaja kwamba ujumbe utatoka Kinshasa kuwasikiliza waliofukuzwa na maji, na kwamba kuna palsele zitakazogawiwa kilimani. Wakubwa wa mji walisema hawatasikiliza mtu mmoja mmoja, watasikiliza vikundi. Grupe yetu ikapewa nafasi ya kusema. Papa msimamizi akaniandikia: "Mama mwalimu, wewe unajua sheria. Utuandikie maneno, na siku ile uyasome." Nilimwambia mama. Jioni aliniuliza kama kule kilimani kunaota mpera.

Niliandika kwa siku kadhaa, kwa utulivu, watoto wakiwa wanafanya mtihani. Nilisema ardhi yote ni ya serikali, sheria ndiyo inavyosema, kwa hiyo hakuna mwananchi mwenye ardhi zaidi ya mwenzake, sote tumepewa tu kukaa. Nilisema aliyefukuzwa na maji hakuuza wala hakuhama, ameondolewa, na aliyeondolewa bila kosa hupewa pengine. Nilisema wajane na wazee wapewe kwanza. Ilikuwa kazi nzuri. Hata sasa nasema ilikuwa nzuri, sina haja ya kujishusha. Nikaituma kwenye grupe ili watu waisome.

Aliyejibu kwanza ni bwana mmoja wa Nyunzu anayeishi Ulaya, mtu wa maneno mengi ambaye nilishawahi kumshinda mara mbili tatu kwenye mabishano. Hakugusa ardhi wala sheria. Aliandika: "Hii Kiswahili njo ya wapi?"

Nikajibu kwamba ni Kiswahili, kimeandikwa vizuri ili wakubwa waelewe. Akasema wakubwa wa Kinshasa wanaongea Kilingala na Kifaransa, kwa hiyo nimemwandikia nani. Akasema muntu wa kwetu haandiki "ndiyo inavyosema", anaandika "njo vile inasema". Kisha akatuma picha ya simu yake. Alikuwa ameweka maneno yangu kwenye ile akili mnemba na kuiuliza mwandishi ametoka wapi, nayo ikamjibu kwa adabu zake zote kwamba hiki ni Kiswahili sanifu na yaelekea mwandishi ni Mtanzania. Chini ya picha akaandika: "Mama mwalimu mwenyewe njo alitufundisha. Mashine haina kabila."

Watu wakacheka kwa zile nyuso za manjano. Nikafanya upesi jambo ambalo sikulipima. Niliandika upya aya nzima kwa maneno ya sokoni, muntu, njo, biro, palsele, batu ba hapa, ili waone kwamba nayajua, kwamba nilizaliwa nayo mdomoni. Lakini mkono ulikuwa umeshazoea kwingine, na humo ndani "mtu" mmoja na "ndiyo" mbili zilibaki bila mimi kuziona. Yule bwana akaichukua aya hiyo pia, akaipeleka kwa mashine yake, na mashine ikasema maandishi haya yana makosa mengi ya sarufi na mwandishi anachanganya. "Munaona?" akaandika. "Anajaribu kutuigiza, na hajui."

Hebu fikiria. Nikiandika vizuri, mimi ni Mtanzania. Nikiandika kama nyumbani, mashine inasema nakosea, na kosa hilo likawa ushahidi kwamba si nyumbani. Kule jukwaani niliambiwa Mkongo haandiki hivi, huku naambiwa Mkongo haandiki hivi, maneno ni yale yale, kilichobadilika ni upande wa ziwa. Mashine ya watu imesomeshwa Kiswahili kimoja, na mimi nilikuwa nimewaambia watu waiamini. Nilitaka kuitupa simu kwenye maji yale yale yaliyokula nyumba.

Papa msimamizi akanipigia. Ni mtu mwema, au ni mwoga, sijaamua mpaka leo. Alisema: "Mama, mimi ninakujua, lakini grupe inapasuka. Mama yako si ni muzee wa hapa? Atume vokali, aseme kuzaliwa kwake na nyumba yake. Batu bakisikia muzee, batanyamaza." Vokali ndivyo tunavyoita sauti unayorekodi na kuituma. Nikaona ni wazo jema. Nani atamcheka bibi kizee aliyefukuzwa na maji?

Ilikuwa mchana, mume wangu hayupo. Mama alifunga mtandio wake mpya, ule wa Idi, ingawa nilimwambia hawatamwona. Aliketi uani, akaisogeza simu mbali kidogo kama kitu kinachoweza kuuma, akasema bismillahi, akawasalimia wote, asalaam alekum. Akasema yeye amezaliwa hapa hapa, mama yake amezaliwa hapa hapa, na nyumba yake ndiyo ile ya karibu na mto, yenye mpera, watu wote wanaijua. Akasema, "Mimi ndiye mwenye nyumba, na ndiyo hiyo imeingiwa na maji. Nawaomba wanangu mnikumbuke." Alisema polepole na kwa heshima, Kiswahili cha chuoni alichofundishwa na baba yake pamoja na Kurani. Nikaituma.

Jibu la yule bwana lilikuwa fupi: "Hii vokali imeshuka boti ya Kigoma asubuhi." Na nyuso zile za manjano zikajaa tena, nyingi zaidi.

Hapo nikapandwa na hasira. Nilimwandikia kwamba wakati wa vita, watu wake wa Nyunzu walipokuja hapa wamebeba watoto na masufuria, walilala kwenye madarasa ya shule iliyo karibu na kwetu, na huyo bibi anayemcheka ndiye aliyewapikia sombe na kuwapelekea kila jioni. Akajibu kwa vokali, mara ya kwanza nikasikia sauti yake. Haikuwa sauti ya mtu mwenye kiburi. Alisema mama yake alilala katika darasa hilo hilo. Alisema mama yake alifukuzwa bombani kwa kuambiwa hapa si kwao, na waliomfukuza walisema "ndiyo", hawakusema "njo". Alisema palsele zikitoka, watu wake waliobaki hapa tangu vita watapewa kwanza, na watu wa kuja na boti watangoja kama wao walivyongoja.

Sijui kama ni kweli. Mama yangu hakufukuza mtu bombani, hilo naweza kuapa, lakini mtaa ni mkubwa na watu wana roho zao. Nilianza kumjibu. Nilikuwa nimeshaandika mistari mingi, mingine ya matusi, nikaona maandishi madogo ya kijivu kwamba msimamizi ameniondoa kwenye grupe. Mistari yangu ikabaki pale chini, haina pa kwenda.

Siku ya ujumbe nilikwenda na mama ukumbini. Hatukuwa na nafasi ya kusema, lakini kukaa hakukukatazwa. Mama alitaka kuwaona watu waliomsikiliza, na mimi nilikuwa sijamwambia walivyomsikiliza. Tulikaa nyuma, karibu na mlango, maana joto lilikuwa kali. Papa msimamizi alisimama na karatasi, akasoma kwa niaba ya grupe.

Yalikuwa maneno yangu. Sentensi kwa sentensi, kama nilivyoyapanga, ardhi yote ni ya Leta, hakuna muntu mwenye udongo kupita mwenzake, aliyeondolewa bila kosa anapewa pengine. Pale nilipoweka ndiyo waliweka njo. Pale nilipoweka mtu waliweka muntu. Wajane na wazee walikuwemo bado. Ila mwishoni waliongeza jambo lao, kwamba wapewe kwanza batu ba hapa, na mtaa wa karibu na mto, "wenye batu ba kupita", uangaliwe nyuma. Papa alisoma sehemu hiyo haraka na hakuinua macho. Wageni wa Kinshasa wakatafsiriwa, wakaandika, na papa akapigiwa makofi.

Mama naye alipiga makofi. Sikio lake si zuri tena, na mwisho ule ulimpita. Aliniinamia akasema, "Huyu baba amesema vizuri sana. Kama vile ulivyoniambia wewe." Nikamwambia ndiyo, amesema vizuri. Sikuwa na ujasiri wa kusema lingine katikati ya watu wale.

Lakini mtaa hauna siri. Majirani waliokuwa kwenye grupe walikuwa wameicheza vokali yake uani kwao, na watoto wakaiiga njiani, "ndiye mimi, ndiye mimi", kwa sauti ya bibi kizee. Siku chache baadaye, mume wangu alipokwisha kuondoka, mama alitoka chumbani na sahani yake ya bukari, akaketi juani, akaniita. Aliuliza kwa upole, bila hasira, na afadhali angekasirika: "Walitaka nisemeje?"

Nikamwambia kulikuwa na mtu mmoja tu, mjinga. Akasema hakuniuliza wako wangapi. Aliuliza walitaka asemeje.

Nikamwambia walitaka njo.

Alitafuna kidogo. Akalisema neno hilo kwa sauti ndogo, mara mbili tatu, kama mtu anayeonja chumvi. Anaishi katikati ya neno hilo tangu azaliwe, amelisikia kwa majirani, kwa wauza samaki wa mikebuka, kwa wakwe, kwangu mimi, na nadhani hajawahi kulitia mdomoni mwake, kwa sababu baba yake alikuwa akimchapa akilileta nyumbani. Akaweka sahani chini, akafunga mtandio, akasema nilete telefone.

"Mimi njo wa hapa," alisema. "Nyumba yangu njo ile, ya maji. Mimi njo muntu wa hapa, wanangu." Alisema "muntu" kwa uangalifu, akiivuta ile u ili isipotee. Akanitazama, mwanamke mzee kama yeye, akaniuliza mimi, mwanawe, kama amepatia.

Nilimwambia amepatia, ni vizuri sana.

"Basi tuma," alisema.

Nilishika simu na kuangalia kioo. Vokali ilikuwa pale, tayari, na grupe haikuwepo. Tukasikia pikipiki njiani. Mama akainua sahani yake, akapangusa mdomo kwa ncha ya mtandio, akaingia chumbani na kufunga mlango.